Mfuko wa Dhahabu Unatozwa Ushuru Gani? Fungua Uone Kilichomo

Kila msimu wa ritani ofisi yangu ya Barabara ya Nkrumah, Mombasa, hujaa watu wenye bahasha za khaki. Kazi yangu ni kuweka vitabu vya hesabu na kujazia watu ritani zao: wenye maduka wa Marikiti, mawakala wa forodha, walimu, mabaharia waliostaafu. Zamani maswali yalikuwa ya mishahara na nyumba za kupangisha. Sasa dhahabu imepanda bei mpaka kila mtu anaizungumzia, na swali huja kwa sura moja: "Mfuko wa dhahabu unakatwa ushuru asilimia ngapi?"

Wanasema mfuko wa uwekezaji, ule ambao vipande vyake huuzwa sokoni kama hisa. Mimi hujibu kwa kuuliza: mfuko upi? Aliyefanya kazi bandari ya Kilindini hanioni mtata nikisema hivyo. Kontena mbili zaweza kuteremka kutoka meli moja, rangi moja, lakini ushuru wa forodha hutazama mzigo uliomo ndani na nchi ulikotoka. Mifuko ya dhahabu, ya madini ya fedha, ya mafuta na ya ngano nayo ni vivyo hivyo. Nje imeandikwa "dhahabu", kumbe ndani mwaweza kuwa na kimoja kati ya vitu vinne visivyofanana, na kila kimoja kina njia yake ya ushuru.

Upo mfuko unaoshika dhahabu yenyewe, vipande vya madini vilivyolazwa kwenye maghala ya benki, mara nyingi London. Upo unaoshika mikataba ya bei ya baadaye: huo haumiliki hata pipa moja la mafuta, una ahadi za kununua mafuta mwezi ujao kwa bei fulani, na kabla mwezi haujafika huziuza na kununua za mwezi unaofuata. Ipo hati ya deni, ambapo benki inakuahidi kukulipa kulingana na bei ya dhahabu, lakini nyuma ya ahadi hakuna dhahabu iliyotengwa kwa ajili yako. Benki ikianguka, unapanga foleni na wadai wengine. Halafu kuna mfuko wa hisa za kampuni za migodi. Watu huuita wa dhahabu, lakini ushuru wake ni wa hisa kama hisa za benki au za saruji.

Utajuaje ni upi? Chukua waraka wa mauzo wa mfuko, ule mrefu ambao hakuna anayeusoma. Usihangaike na kurasa zote. Nenda kwenye sehemu ya ushuru, utafute neno moja tu: je, mfuko umesajiliwa kama amana (inayokushikia mali kwa niaba yako), kama ubia (nawe ni mbia ndani yake), kama kampuni, au ni hati ya deni? Kisha tazama umesajiliwa nchi gani. La tatu ni wewe mwenyewe: nchi gani inakuhesabu mkazi wake wa ushuru? Kwa Kenya, mwenye makao ya kudumu hapa akikanyaga nchini hata kwa siku chache katika mwaka ni mkazi. Asiye na makao ya kudumu huhesabiwa siku zake, na 183 kwa mwaka zatosha. Mabaharia hudhani kukaa baharini kunawatoa kwenye hesabu hii. Hakuwatoi, maadamu nyumba iko Majengo na mke na watoto wamo ndani.

Ukinunua Soko la Hisa la Nairobi

Huku ndiko kwepesi, kwa hiyo sitakaa sana.

Mfuko wa kwanza wa aina hii kuorodheshwa Nairobi ni NewGold, ulioingia Machi 2017. Kwa asili ni wa Afrika Kusini, na ulikuwa ukiuzwa Johannesburg tangu 2004. Umeshikilia dhahabu yenyewe, na kila kipande kilianza kikiwa sawa na takriban sehemu moja ya mia ya wakia. Unaununua kwa shilingi, kupitia dalali wa hisa, ukiwa na akaunti ya CDS, inayohifadhi hisa kwa kompyuta, kama ile ya hisa za Safaricom.

Ushuru wa faida ya mtaji uliwekwa kando hapa Kenya mwaka 1985, ukarudishwa Januari 2015 kwa asilimia 5, na tangu 1 Januari 2023 ni asilimia 15. Lakini sheria imesamehe faida ya dhamana, yaani hisa na vipande vya namna hii, zinazouzwa kwenye soko lililopewa leseni na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Basi chukua mfano. Umenunua vipande vya shilingi 200,000, umeviuza 290,000. Faida ni 90,000, na ushuru wa faida ya mtaji ni sufuri. Faida hiyo hiyo ungeipata kwa kuuza kiwanja Kikambala, KRA, mamlaka yetu ya mapato, ingechukua 13,500.

NewGold haigawi gawio, kwa hiyo ule ushuru wa zuio (unaokatwa kabla pesa haijakufikia) wa asilimia 5 kwenye gawio la hisa haupati pa kushika. Linganisha na mfuko wa soko la fedha ambao kila mtu anao kwenye simu siku hizi: kule riba yako inakatwa asilimia 15 kabla hujaiona, na mambo yanaishia hapo.

Msamaha una upande wake wa pili, nao wauzaji hawautaji. Faida isipohesabiwa, hasara nayo haihesabiwi. Ukiuza NewGold kwa hasara, usije kwangu na wazo la kuitoa hasara hiyo kwenye faida ya kiwanja. Jambo jingine si la ushuru lakini nalisema kila mara: soko la kipande hiki Nairobi ni jembamba. Siku nyingine unataka kuuza na mnunuzi hakuna, au yupo wa bei ya kuchekesha. Pesa ya karo ya Januari usiiweke huko.

Haya yote ni ya mtu anayenunua akaweka. Ukifanya biashara ya dhahabu, mambo hubadilika. Sonara wa Mji wa Kale anayenunua bangili kuukuu, akaziyeyusha na kuziuza, faida yake ni mapato ya biashara, na hupita kwenye viwango vya kawaida vinavyoanzia asilimia 10 hadi 35. Bangili za nyanya yako zilizolala kabatini si biashara. Kati ya hao wawili kuna kijana wa Nyali anayenunua na kuuza kwenye simu tangu alfajiri hadi usiku, na yeye hujiita mwekezaji. Mbele ya afisa wa ushuru ana kazi kubwa ya kuthibitisha hilo.

Uko Mombasa, dalali yuko ng'ambo

Hapa ndipo watu wanapoumia, na wengi huumia bila kujua kilichowapata.

Ami mmoja wa Bondeni, aliyestaafu kwenye meli za mizigo, aliingia Mei akiwa amefura. Hakukaa. Alinitolea taarifa ya dalali aliyomwomba mjukuu amchapishie, akaigonga kwa kidole.

"Mwanangu, hawa wameniibia. Nimeuza kwa hasara na bado wamenikata."

"Kaa kwanza, ami. Tuone."

Kweli. Alinunua kwa dola 5,200, akauza kwa dola 5,000. Chini ya mauzo palikuwa na mstari wa dola 500, umeandikwa zuio. Mkononi alibaki na 4,500.

"Ulinunua nini, ami?"

"Mafuta! Si bei ilikuwa inapanda?"

Nikafungua waraka wa mfuko wake mbele yake, kwenye sehemu ya ushuru. Ulikuwa mfuko wa mikataba, uliosajiliwa Marekani kama ubia unaouzwa sokoni. Na tangu 1 Januari 2023, mgeni asiye mkazi wa Marekani akiuza sehemu yake katika ubia wa namna hiyo, dalali anatakiwa kuzuia asilimia 10 ya mauzo. Ya mauzo, si ya faida. Ndiyo maana dola 500 zimetoka kwenye 5,000 ingawa mzee alikuwa amepoteza 200. Hakuna aliyemwibia, sheria haikuulizia hasara yake.

Mifuko mingine ya aina hii hutoa ilani rasmi inayomruhusu dalali asizuie. Ilani hizo zina muda, siku 92, na zikipita bila kutolewa upya zuio linarudi. Kwa hiyo anayeshika ubia kama huu atazame ilani siku anayotaka kuuza, asitegemee aliyoiona siku ya kununua. Kuzidai pesa zilizokwisha kuzuiwa kunawezekana: unaomba namba ya mlipa ushuru ya Marekani, unajaza ritani ya mgeni iitwayo 1040-NR, unasubiri. Kwa dola 500, ukimlipa mtu wa kukujazia, nusu imekwenda. Ami alipiga hesabu yake mwenyewe, akaguna, akaikunja karatasi.

Sasa tazama tofauti. Kama mzee angenunua GLD, mfuko wa dhahabu unaouzwa New York tangu Novemba 2004, asingekatwa zuio hilo. GLD ni amana inayoshika dhahabu yenyewe, si ubia. Marekani haimtozi mgeni ushuru kwa faida ya kuuza dhamana za namna hiyo, maadamu hakukaa huko siku 183 katika mwaka huo na amemjazia dalali fomu ya W-8BEN inayosema yeye si Mmarekani. Gawio halina, kwa hiyo zuio la gawio nalo halipo.

Mfuko wa migodi una njia yake tena. Faida ya kuuza, hakuna ushuru wa Marekani kwa mgeni. Gawio likija, linakatwa asilimia 30 mzimamzima. Baadhi ya nchi zina mkataba wa ushuru na Marekani unaopunguza kiwango hicho, Kenya hainao.

Fomu ya W-8BEN hufa. Ukiisaini mwezi wowote wa 2024, nguvu yake inaisha 31 Desemba 2027: mwaka wa kusaini, kisha mitatu kamili. Dalali hutuma barua pepe ya kukumbusha, nayo huenda kwenye takataka pamoja na matangazo ya viatu. Fomu ikifa, dalali anakuchukulia kama mtu asiyejulikana na kukata asipopaswa kukata.

Na Kenya inasemaje kwa faida ya ng'ambo? Ushuru wetu wa faida ya mtaji ni wa mali iliyoko Kenya. Vipande vya mfuko wa New York au London haviko Kenya. Lakini yule kijana wa Nyali hafichiki nyuma ya maneno hayo, kwa sababu yake ni biashara anayoiendesha akiwa amekaa kwenye kiti chake hapa hapa, na mapato ya biashara yanaingia kwenye ritani.

Lililobaki katika sehemu hii ni la mauti, na watu hawapendi kulisikia. Mgeni akifa ana mali iliyoko Marekani inayozidi dola 60,000, Marekani inatoza ushuru wa mirathi kwa kinachozidi, na kiwango chake hupanda hadi asilimia 40. Hisa za kampuni za Marekani zimo, na mifuko ya hisa iliyosajiliwa kama kampuni huko imo. Raia wao wana msamaha wa mamilioni ya dola. Mgeni ana hizo 60,000. Mtu mwenye dola 8,000 hana haja ya kukosa usingizi. Mwenye fidia ya kazi ya miaka thelathini baharini anatakiwa afikirie. Mimi nikiulizwa, humwonyesha mifuko ya dhahabu yenyewe iliyosajiliwa Ireland au Jersey na kuuzwa London. Si mali ya Marekani, haina zuio la ubia, na Uingereza haimtozi asiye mkazi wake ushuru kwa faida ya kuuza dhamana hizo. Dhahabu mara nyingi imelala mji ule ule mmoja, London. Karatasi ndizo tofauti.

Mtu wa kwenu akiwa Marekani

Koo nyingi hapa zina mtu kule. Mpwa wangu yuko Columbus, Ohio, anaendesha lori, ana kadi ya kijani, na maswali yake huja kwa sauti ya WhatsApp saa nane za usiku wetu. Yeye ni mkazi wa ushuru wa Marekani, na Marekani humtoza kwa mapato ya dunia nzima. Aliwahi kuniambia, "Shangazi, basi nitanunua huko kwenu Nairobi, si mmesamehewa?" Msamaha ni wa Kenya. Akinunua Nairobi, Marekani itamtoza kama alivyonunua Ohio, na ataongezewa fomu za mfuko wa kigeni ambazo nisingemtakia adui.

Kwa Marekani, dhahabu na madini ya fedha ni vitu vya kukusanya, kundi moja na picha za kuchora, stempu za kale na mvinyo. Hisa ukizishika zaidi ya mwaka, faida yake inatozwa sufuri, 15 au 20 kwa mia, kutegemea kipato chako. Vitu vya kukusanya ukivishika zaidi ya mwaka, kiwango kinaweza kufika 28. Na kwa kuwa GLD, IAU ya dhahabu na SLV ya madini ya fedha ni amana za madini yenyewe, sheria humhesabu mwenye kipande kama mwenye dhahabu. Haijali kwamba wewe hujawahi kuigusa.

Hiyo 28 ni dari. Watu husoma "28" wakadhani ndiyo bei ya kila mtu. Mwenye kipato kinachotozwa asilimia 12 atalipa 12 kwa dhahabu yake. Wa 24 atalipa 24. Wa 35 ndiye anayekingwa na dari, akalipa 28.

Mifuko ya mikataba, kama USO ya mafuta, ina hesabu ya kwake: asilimia 60 ya faida inahesabiwa ya muda mrefu na asilimia 40 ya muda mfupi, hata kama umeishika wiki mbili tu. Nilimpigia mpwa wangu hesabu ya faida ya dola 4,000, iliyopatikana baada ya miezi 14, nikichukua kwamba kipato chake kinaangukia kiwango cha asilimia 24 na hisa zake za muda mrefu zinatozwa 15:

Mfuko wa dhahabu yenyewe: asilimia 24, dola 960.
Mfuko wa mikataba: asilimia 60 kwa kiwango cha 15 na asilimia 40 kwa kiwango cha 24, jumla asilimia 18.6, dola 744.
Mfuko wa hisa za migodi: asilimia 15, dola 600.

Ukigeuza muda, picha inageuka. Angeuza baada ya miezi mitano, dhahabu yenyewe na hisa za migodi zote zingetozwa 24, dola 960. Mikataba ingebaki 744. Kwa wenye kipato cha juu kabisa pengo ni kubwa zaidi: 37 kwa anayeuza dhahabu au hisa kabla ya mwaka, 26.8 kwa mikataba. Wenye kipato kinachozidi dola 200,000 kwa asiye na mwenzi, au 250,000 kwa mume na mke wanaojaza pamoja, huongezewa asilimia 3.8 juu ya faida ya uwekezaji. Mpwa wangu hajafika huko, tunamwombea.

Usikimbilie mikataba kwa sababu ya hiyo 18.6. Kuna mambo mawili yanayouma. La kwanza, 31 Desemba mfuko unahesabiwa kana kwamba umeuza kila mkataba kwa bei ya siku hiyo. Faida iliyoko kwenye karatasi tu inatozwa, nawe hujauza kitu wala hujapokea senti. La pili ni fomu K-1, karatasi ya ubia inayoonyesha fungu lako la faida au hasara ya mwaka. Mwenye hisa za kawaida hupata karatasi zake Februari. Ubia hutuma K-1 mwezi Machi, wakati mwingine mwishoni, na mtu aliyeharakisha ritani analazimika kuirekebisha.

K-1 isipohifadhiwa, unatozwa mara mbili. Tazama. Umenunua kwa dola 10,000. Mwaka wa kwanza K-1 inasema fungu lako la faida ni 1,500, nawe umelilipia ushuru bila kuuza. Mwaka wa pili unauza kwa 12,200. Ukiiachia programu ya ritani itumie bei ya kununulia, itasema faida ni 2,200. Si kweli. Gharama yako sasa ni 11,500, na faida ni 700. Zile 1,500 zimeshalipiwa. Dalali wako mara nyingi hana habari ya K-1, kwa hiyo karatasi yake itaonyesha 10,000 na ni juu yako kusahihisha.

Wapo waliotafuta njia ya kuikwepa K-1. Mifuko mingine ya mikataba imesajiliwa kama kampuni ya uwekezaji na kuweka mikataba ndani ya kampuni tanzu ya visiwa vya Cayman, isiyozidi robo ya mali. K-1 hakuna. Lakini faida ya mikataba ikigawiwa, inatozwa kama kipato cha kawaida, na ule mgao wa 60 kwa 40 umepotea. Umeuza usumbufu ukanunua kiwango.

Hati za deni, kwa nyingi zinazofuata bei ya bidhaa, hutozwa kama hisa: zaidi ya mwaka, 15 au 20, hakuna K-1, hakuna hesabu ya Desemba. Zinavutia, na mimi sizipendi. Unaokoa asilimia chache za ushuru na kuichukua hatari ya benki mzima mzima.

Kuna kajambo kadogo ka GLD na wenzake kanakowashangaza watu. Gharama za mfuko, kwa GLD asilimia 0.40 kwa mwaka, hulipwa kwa kuuza dhahabu kidogo kidogo. Kila mauzo hayo, kisheria, ni mauzo yako. Kiasi ni kidogo, lakini karatasi ya mwaka itaonyesha mauzo kwa mtu aliyekuwa amelala tu. Si kosa la dalali.

Anayeweka kwenye akaunti ya uzeeni, ile IRA, huachana na tofauti hizi zote. Ya kawaida hutozwa kama kipato siku ya kutoa. Kwa dhahabu ni pahali pazuri. Kwa hisa za migodi sioni haraka hiyo, kwa sababu unageuza 15 yako kuwa kiwango cha kipato.

Walioko Uingereza nitawapa maneno machache. Faida ya mifuko hii hutozwa 18 au 24 kwa mia tangu 30 Oktoba 2024, baada ya msamaha wa pauni 3,000 kwa mwaka. Ndani ya ISA, akaunti yao ya akiba na uwekezaji, ambayo hupokea hadi pauni 20,000 kwa mwaka, hakuna ushuru. Na sarafu za dhahabu za Royal Mint, kiwanda cha sarafu cha Uingereza, kama Sovereign na Britannia hazitozwi ushuru wa faida, kwa kuwa ni pesa halali za nchi. Sarafu ya nchi nyingine ya uzito ule ule haina kinga hiyo.

Zaka

Wazee huniuliza, na si kazi ya KRA wala yangu, lakini hesabu naweza kuwasaidia. Nisabu ya dhahabu, kiwango cha chini kinachowajibisha zaka, ni gramu 85, na zaka ni asilimia 2.5 ukiimiliki mwaka mzima wa Hijria. Wakia moja ya dhahabu ni gramu 31.1, kwa hiyo nisabu ni karibu wakia 2.73. Kwa kipande kilichoanza na sehemu moja ya mia ya wakia, hivyo ni vipande 273 na ziada, maana gharama za kila mwaka zimekimega kila kipande. Kusamehewa ushuru wa serikali hakuondoi zaka. Kuhusu mikataba ya bei ya baadaye, mpelekee sheikh wako waraka wenyewe, usimpelekee jina la mfuko.

Karatasi

Weka uthibitisho wa kila ununuzi wenye tarehe, idadi na bei, na kiwango cha dola cha Benki Kuu siku ile, kwa sababu miaka minne baadaye hakuna atakayekikumbuka. Weka W-8BEN na tarehe uliyoisaini. Weka K-1 zote tangu ya kwanza, hata za miaka ya hasara. Picha za skrini ya simu ni bora kuliko kitu kitupu, lakini akaunti ikifungwa na simu ikaanguka Likoni kwenye feri, hata hizo hakuna. Chapisha.

Kabla ya kununua, mwandikie dalali barua pepe yenye maswali mawili: mfuko huu ni amana, ubia, kampuni au hati ya deni? Na mimi mkazi wa Kenya nikiuza, mtazuia nini? Jibu lao lihifadhi pamoja na hizo nyingine. Dalali asiyeweza kujibu la pili kwa maandishi, mimi singempa pesa.

Ritani ya Kenya mwisho wake ni 30 Juni, na hujazwa hata kama faida yako yote imesamehewa. Kuchelewa ni faini ya shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru unaodaiwa, ile iliyo kubwa. Mtandao wa iTax siku mbili za mwisho hutambaa, na mlango wangu una foleni mpaka kwenye ngazi. Njooni Mei.